Deni la Mwenzetu: Tafakari ya Nehemia 5 na Mikopo ya Kausha Damu

Masomo ya kusoma kabla: Neh 5:1-13, 2 Fal 4:1-7, Kumb 24:6, 10-13, Mt 18:23-35



Wapendwa wasomaji, katika makala haya tunatafakari jambo ambalo kila jumuiya inalijua, lakini ni mara chache linatajwa tunapokutana kusali: madeni. Tutaongozwa na kitabu cha Nehemia, sura ya tano, kwa kuwa ndani yake tunaona namna taifa la Mungu lilivyoliweka suala la mikopo mbele ya kusanyiko zima. Tunaanza na tukio lililotufanya tuifungue sura hiyo. Mama tutakayemtaja ameturuhusu kuandika, nasi tumebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Mlango uliofungwa

Katika likizo iliyopita sisi mafrateri wachache tulirudi nyumbani Tanga, na kama ilivyo desturi, paroko alitugawa katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ili tusali na waamini kila wiki. Katika jumuiya moja ya hapa mjini, mama mmoja hakuwepo. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Tulipouliza habari zake, mmoja alisema amehamia kwa walokole, mwingine akasema siku hizi ana maringo. Jumamosi ya tatu tuliamua kwenda kwake.

Tulipiga hodi kwa muda mrefu. Mwishowe mtoto wake alifungua mlango kidogo, akatuchungulia, kisha akapaza sauti kuelekea ndani: "Mama, siyo wale! Ni mafrateri."

Mama huyo hununua dagaa soko la samaki la Deep Sea, huwakaanga na kuwauza jioni jirani na nyumbani. Mwaka ule mtoto wake alipokea Komunio ya Kwanza. Kulikuwa na gauni jeupe na viatu, mchango wa keki, mpiga picha, na pilau ya wageni. Ili mtoto wake asionekane mnyonge mbele ya wenzake, alikopa kwa mtu anayekopesha mtaani, mikopo ile ambayo Watanzania wameibatiza jina la "kausha damu".

Tuliomba atueleze hesabu yake. Kwenye daftari mkopo uliandikwa shilingi 200,000. Alikatwa 10,000 ya fomu, akapewa mkononi 190,000. Alitakiwa kufanya marejesho ya 10,000 kila siku kwa siku 30, yaani 300,000. Kwa hiyo, juu ya kile alichopokea, alipaswa kuongeza 110,000 ndani ya mwezi mmoja, zaidi ya nusu ya fedha yenyewe. Siku asipoleta rejesho, faini ni 2,000.

Sisi wa pwani tunajua kuwa dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi inapowaka, taa hazivuti dagaa, vyombo vinapumzika, na muuza dagaa naye anapumzika. Daftari la mkopeshaji halina mbalamwezi. Mama alikosa marejesho ya siku nane, deni likapanda kwa faini, naye akachukua mkopo mwingine kwa njia ya simu ili alipe ule wa kwanza. Aliposhindwa huu wa pili, programu ile iliwatumia ujumbe watu waliokuwa kwenye orodha ya namba zake ikimwita tapeli. Mmoja wa waliopokea ujumbe huo alikuwa mume wake, ambaye hakuwa anajua lolote. Wiki hiyohiyo watu wa yule mkopeshaji wa kwanza waliingia ndani, wakabeba jiko la gesi, mtungi wake na godoro moja.

Kuna jambo ambalo lazima tulikiri. Siku ile ya Komunio ya Kwanza sisi tulikuwepo nyumbani kwake. Tuliongoza sala kabla ya chakula, tulikula pilau, tukaongezewa, na tukampongeza mama kwa sherehe iliyofana. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi tulikula pamoja naye. Matanga tulimwachia peke yake.

Nehemia alilisikia neno hili akiwa katika ujenzi

Habari ya Nehemia 5 ilitokea katika karne ya tano kabla ya Kristo, baada ya Wayahudi kurudi kutoka uhamishoni, wakati walipokuwa wakiujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Kazi ilikuwa takatifu na kila mtu alikuwa na sehemu yake. Katikati ya kazi hiyo kilio kikasikika, na mwandishi anataja wazi kuwa waliolia ni watu pamoja na wake zao (Neh 5:1). Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Wengine watoto wao walikuwa tayari watumwa. Walalamikiwa hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zao Wayahudi, watu waliosali nao na kubeba nao mawe ya ukuta uleule.

Tuone hatua alizochukua Nehemia.

Kwanza, alisikiliza, na alikasirika. Hakuwauliza wanawake wale kwa nini walikopa kabla ya kusikia kilio chao.

Pili, alitafakari moyoni kabla ya kusema (aya 7). Hasira yake ilipita kwanza katika akili.

Tatu, aliitisha kusanyiko kubwa. Deni lililokuwa siri ya kila nyumba likawa jambo la taifa zima. Wakopeshaji waliposikia, walikosa la kujibu (aya 8).

Nne, na hapa ndipo penye uzito, Nehemia alikiri kuwa yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Hakusema "acheni". Alijihesabu miongoni mwao, akawaalika waache pamoja jambo hilo la riba (aya 10).

Tano, alidai tendo. Mashamba na nyumba zirudishwe siku hiyohiyo, pamoja na ile sehemu waliyokuwa wakitoza. Makuhani waliitwa kushuhudia kiapo, na kusanyiko lote likaitikia Amina.

Tumezoea kuitikia Amina mwishoni mwa sala. Katika Nehemia 5 Amina ilifuatwa na urudishaji wa mali.

Jiko la gesi na jiwe la kusagia

Biblia haikatazi kukopesha. Yesu anatuelekeza tusimpe kisogo anayetaka kukopa kwetu (Mt 5:42), na Yoshua bin Sira anaona kumkopesha jirani kuwa ni tendo la huruma (YbS 29:1-2). Kinachowekewa mipaka ni namna ya kukopesha.

Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe hilo ndilo lililompatia mtu unga wa siku. Katika nyumba tuliyoitembelea, jiwe la kusagia lilikuwa jiko la gesi. Bila jiko hakuna dagaa wa kukaanga, bila dagaa hakuna rejesho. Aliyelibeba alichukua uwezo wa mama wa kulipa lile deni analodaiwa.

Sura hiyohiyo, aya ya 10 na 11, inamtaka mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kutwaa rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Na kama rehani ni nguo ya kujifunika maskini, irudishwe kabla jua halijatua (aya 12-13, taz. Kut 22:26-27). Mungu anajali mahali mdaiwa atakapolala usiku huo. Msomaji afikirie godoro.

Je, kila riba ni dhambi?

Swali hili huulizwa mara nyingi, nasi tunaosoma falsafa tunakutana nalo darasani. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, aliona kuwa fedha ilibuniwa kwa ajili ya kubadilishana vitu, kwa hiyo kuifanya fedha izae fedha ni kinyume cha maumbile. Wagiriki waliita riba kwa neno lenye maana ya uzao. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 78), alifundisha kuwa anayetoza malipo kwa sababu tu ya kukopesha anauza kitu ambacho hakipo.

Hata hivyo, Kanisa lilitambua pia kuwa kukopesha kunaweza kuwa na gharama na hasara halisi. Mwaka 1462, huko Perugia nchini Italia, Wafransisko waliunga mkono kuanzishwa kwa mfuko wa kuwakopesha maskini, na mifuko ya aina hiyo ikaenea katika miji mingine. Mingi ilitoza kiasi kidogo cha kuendeshea kazi, na Mtaguso wa Tano wa Laterano ulikubali jambo hilo mwaka 1515. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV, katika waraka Vix pervenit, alilaani riba inayodaiwa kwa sababu ya mkopo wenyewe, huku akikubali kuwa zinaweza kuwepo sababu nyingine za haki za kudai fidia. Kwa msingi huo, mwanachama wa SACCOS au VICOBA anayelipa ongezeko dogo, lililokubaliwa wazi na linalorudi kwa wanachama wenyewe, asihangaike kana kwamba anashiriki dhambi.

Kausha damu ni jambo jingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inasema juu ya wale ambao riba na uchoyo wao husababisha njaa na kifo cha ndugu zao: wanaua kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Mafundisho hayo yamewekwa chini ya amri ya tano, ile ya Usiue. Jina "kausha damu" walilolitunga watu wa kawaida mitaani halipo mbali na Katekisimu.

Hapa pwani tuna ushuhuda mwingine pia. Jirani zetu Waislamu wanafundishwa tangu madrasa kuwa riba ni haramu, na neno lenyewe riba limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Mkristo wa Tanga akimkopesha jirani yake Mwislamu kwa kausha damu, anamkosea mara mbili: anamuumiza, na anamfanya aidharau Injili.

Mke, mume na siri ya deni

Tulimuuliza mama kwa nini hakumwambia mume wake. Alijibu, "Ningeanzaje, wanangu? Yeye kibarua chake cha bandarini kuna wiki kipo, kuna wiki hakipo. Nikimwambia hela ya sherehe imepungua, anasema utajua mwenyewe." Mume naye, tulipozungumza naye siku nyingine, alisema kilichomuuma si fedha. Kilichomuuma ni kupata habari za mke wake kwenye simu, kutoka kwa mtu asiyemjua.

Mwanzo 2:25 inatuambia kuwa mume na mke wa kwanza walikuwa uchi wala hawakuoneana haya. Mara nyingi tunaelewa aya hiyo kuhusu mwili tu. Katika ndoa za leo kuna wanaojuana mwili kwa miaka mingi, lakini hawajuani namba ya siri ya simu, mshahara wala deni. Mtume Paulo anawataka waamini wavue uongo na kusemezana ukweli, kwa kuwa wao ni viungo vya mwili mmoja (Efe 4:25). Kama hilo ni kweli kwa Wakristo wote, ni kweli zaidi kwa waliofunga ndoa.

Tusimtwishe mama peke yake. Mume anayesema "utajua mwenyewe" amemfundisha mke wake kuficha. Anayetaka kuambiwa ukweli nyumbani lazima awe mtu anayeambilika.

Mdaiwa naye ana wajibu

Huruma haifuti haki. Zaburi 37:21 inamhesabu anayekopa asilipe miongoni mwa waovu. Yoshua bin Sira anamchora kwa usahihi mkopaji mwenye hila: kabla ya kupewa hubusu mkono na kunyenyekea, siku ya kulipa ikifika anatoa visingizio na kuomba muda (YbS 29:4-6). Kwa sababu ya watu kama hao, wengi wenye moyo mwema wameacha kukopesha. Waswahili wanasema dawa ya deni kulipa.

Methali 6:1-5 inatoa shauri kwa aliyejifunga kwa udhamini, na shauri hilo linamfaa pia mdaiwa: aende mwenyewe, ajinyenyekeze, asihimize usingizi kabla hajalisemea jambo lake. Kujificha kunaongeza deni. Kukopa ili kulipa deni ni kuhamisha moto kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Mjane wa mwanafunzi wa manabii

Katika 2 Wafalme 4:1-7 mjane anamlilia Elisha. Mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, na sasa mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Sisi waseminari tuisome habari hii taratibu, kwa kuwa deni hilo liliingia katika nyumba ya watu wa malezi kama yetu.

Elisha aliuliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Mjane alikuwa na chupa ndogo ya mafuta. Kisha nabii akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, vingi kadiri iwezekanavyo. Muujiza ulitoka kwa Mungu, lakini kiasi cha mafuta kilitegemea vyombo vya majirani. Vyombo vilipokwisha, mafuta yalikoma. Mwishoni deni lililipwa, na mjane na wanawe wakaishi kwa kilichobaki. Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya: kuleta vyombo.

Tulichofanya, na kilichobaki

Tukiwa na mwenyekiti na katibu wa jumuiya, tulikwenda kwa mkopeshaji. Ni muumini mwenzetu, anatoa zaka. Tulipomaliza kueleza, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mafrateri, nikiacha kazi hii nitakula nini? Na mnapokuja na bahasha za ujenzi hamniulizi pesa imetoka wapi." Hatukuwa na jibu la haraka, na mpaka leo swali lake la pili linatusumbua. Mwishowe alikubali kufuta faini, kurudisha jiko na mtungi, na kupokea salio kidogokidogo wakati wa giza tu, dagaa wanapopatikana. Godoro lilikuwa limekwisha kuuzwa. Jumuiya ilichanga kununua jingine. Deni la simu bado linalipwa. Mama amerudi jumuiyani, ingawa bado hajaanza kuongoza nyimbo.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo machache.

1. Kwa mwenye deni: andika madeni yote kwenye karatasi moja, mwambie mwenzi wako leo, na umwendee mdai kabla ya tarehe. Dai mkataba na risiti za kila rejesho.

2. Kabla ya kukopa: uliza kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka watoa mikopo kuwa na leseni au usajili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Usiiruhusu programu kusoma namba za watu kwenye simu yako.

3. Tafuta njia zilizo nafuu: SACCOS, VICOBA vilivyosajiliwa, na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii hutolewa kwa vikundi, na jumuiya ni mahali pazuri pa kuanzia.

4. Kwa mkopeshaji Mkristo: mfuate Zakayo, ambaye baada ya kumpokea Yesu alianza na kurudisha (Lk 19:8). Usichukue kitendea kazi cha mtu wala mahali anapolala.

5. Kwa parokia na familia: sherehe za sakramenti ziwe za kiasi. Watoto wavae mavazi rahisi ya namna moja, na chakula kiwe cha pamoja uwanjani, kila mmoja akileta alichonacho. Hapo hakuna atakayekopa ili mtoto wake apokee Ekaristi bila aibu.

6. Kwa sisi mafrateri na mapadre wajao: tunapokaribishwa, tukubali chai na mihogo kwa furaha ileile tunayoonyesha kwa pilau.

Katika mfano wa mtumishi asiye na huruma (Mt 18:23-35) huwa tunawasahau watu fulani. Ni watumishi wenzake, waliomwona mwenzao akikabwa koo kwa dinari mia moja, wakasikitika sana, wakaenda kumweleza bwana wao (aya 31). Hawakupita kando wakisema ni mambo ya watu. Tuwe watumishi wa namna hiyo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, yupo mwenzetu aliyeacha kuja? Nani amemtembelea, na tulisema nini juu yake kabla ya kumtembelea?

2. Ni michango gani ya jumuiya au parokia inayowafanya wengine wakope?

3. Wanandoa: ni jambo gani la fedha ambalo mwenzi wako hajui? Kwa nini inakuwa vigumu kumwambia?

4. Tunawezaje kuanzisha mfuko mdogo wa dharura utakaozingatia majira ya kazi zetu, uvuvi, mkonge au machungwa?

Sala

Ee Mungu Baba, umetusamehe deni ambalo tusingeweza kulilipa. Uwape ujasiri wanaojificha kwa sababu ya madeni, uwape wakopeshaji moyo wa kurudisha, na utupe sisi macho ya kuona nafasi ya mwenzetu ikiwa wazi. Utufanye tuitikie Amina kwa midomo na kwa matendo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.